Nilikwenda kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili "Kifo cha Socrates", nikafundishwa kijivu (uzi mrefu)

fundi_mabango #1

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi wa mabango. Miaka 14 nimeandika maduka, nimechora vichwa vya saluni, samaki wa magenge na simba wa Yuda nyuma ya malori. Tangu fleksi zishuke bei kazi imepungua. Mtu anachapisha bango asubuhi, mchana limeshatundikwa. Nikabaki na muda, nikasema basi nijifunze kitu ambacho siku zote nilikuwa nakikwepa: rangi za mafuta zenyewe, zile za tyubu, siyo hii ya kopo inayong'aa niliyoizoea.

Chuo sikusoma, na mwalimu sina. Nikachukua njia ya zamani, kunakili kazi moja kubwa ya bwana mmoja mwanzo mpaka mwisho. Nimechagua "Kifo cha Socrates" ya Jacques-Louis David, Mfaransa, ya mwaka 1787. Ipo Metropolitan Museum of Art, New York.

Kwa asiyeijua: ni Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo. Socrates, mwanafalsafa wa Kigiriki, amehukumiwa kunywa sumu. Amekaa kitandani kifua wazi, mkono wa kushoto kaunyoosha kidole juu bado anafundisha, wa kulia unaelea juu ya kikombe bila kukitazama. Kijana aliyevaa nyekundu anampa kikombe huku kageuka na kujifunika macho. Kuume kwa picha rafiki yake Crito kamshika paja kama mtu anayesema "mzee, usiende". Miguuni pa kitanda kuna mzee kajikunyata kawapa wote mgongo, huyo ni Plato, mwanafunzi wake. Nyuma kabisa mke wa Socrates anapandishwa ngazi kuondoka. Pingu zimeachwa sakafuni.

Kwa nini hii? Jumba lile tangu 2017 limeachia picha za kazi zake ambazo hakimiliki imeisha, unapakua bure, unavuta mpaka unaona kucha za miguu. Halafu mambo yote yapo chumba kimoja. Mwanzo nilitamani "Kiapo cha Horatii" ya David huyohuyo, ila ile ina sentimita 330 kwa 425, na panga zimeinuliwa katikati, ukikosea pembe ya mkono mmoja kiapo chote kinalegea. Nikajihurumia.

Nitaweka hatua moja moja. Wajuzi mnikosoe bila huruma.

mla_embe #2

Uzi bila picha huu mkuu. Nipo pale kwenye kivuli nasubiri.

fundi_mabango #3

Picha usiku, bando limekata. Niwape maandalizi kwanza.

Kazi yenyewe ina sentimita 129.5 kwa 196.2. Gawanya, unapata 1.515. Kwa hiyo nikitaka kimo cha 60, upana lazima uwe 91, vinginevyo Socrates atanenepa au kukonda. Seremala wa jirani kanikatia fremu ya paini, nikawamba marekani nzito, ileile ya kushonea mifuko. Nikapaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, maana niliambiwa mafuta yakigusa nguo moja kwa moja nguo inaoza baada ya miaka. Ikakauka. Kisha praima nyeupe ya maji mara 3, kila mkono unapigwa msasa laini.

Halafu miraba ya sentimita 10. Sita kwenda juu, tisa kwenda pembeni, inabaki sentimita moja kuume. Miraba hiyohiyo nikaichora juu ya picha kwenye kompyuta ya steshenari, nikachapa. Hapo nilikuwa nyumbani, fundi mabango yeyote anajua miraba, ndiyo tunayokuzia picha ya mgombea kutoka kadi mpaka ukuta.

Tyubu nilizonunua ni 6: nyeupe ya titaniamu, oka ya njano (njano ya udongo), amba mbichi (kahawia ya udongo), nyeusi ya pembe, nyekundu ya kadimiamu na buluu ya Prussia. Siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, sikuipata.

Kinjekitile_Jr #4

Naomba nitofautiane mapema kabla uzi haujanoga.

Mtu mweusi, fundi, mwenye mkono wake, unakaa miezi unanakili Mfaransa aliyemchora Mgiriki? Kuna mzee wetu Elimo Njau, mzaliwa wa Uchagani, aliyechora ukutani kanisa la Murang'a mwaka 1959, Yesu Mwafrika katika mandhari ya Kikuyu. Kwenye kituo chake cha Paa ya Paa, Nairobi, msemo wake unajulikana: usinakili, kunakili humlaza Mungu usingizi. Sasa wewe Mungu umemtandikia kitanda kabisa.

Historia yetu haijachorwa. Mchore Kinjekitile wa Maji Maji pale Ngarambe, uone kama utahitaji Socrates.

mla_embe #5

Hapo patamu.

fundi_mabango #6

Mkuu Kinjekitile, nimekuelewa na sibishi. Ila nikuulize kitu. Nikimchora Kinjekitile leo, kwa mkono huu wa saluni, atatoka kama tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Najua kutengeneza uso unaofanana. Watu 10 chumba kimoja, mwanga mmoja, kila mmoja na huzuni yake, hapo sijui naanzia wapi. Huyu David anajua, ndiyo maana nimekaa miguuni pake kama Plato.

mwl_Bahari #7

Habari za humu. Mimi nimefundisha uchoraji shule za sekondari zaidi ya miaka 20, sasa nimestaafu nipo Tanga. Nimeupenda uzi.

Mwanangu Kinjekitile, hoja yako ni ya zamani na ni ya heshima. Njau alisoma Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell miaka ya 1930, naye mama yule hakupenda wanafunzi wajazwe michoro ya Ulaya, alitaka watoe cha kwao. Alipoingia Cecil Todd baada yake, upepo ukageuka, historia ya sanaa ya Ulaya ikaingia darasani. Kwa hiyo mnachobishania hapa wameshakibishania wakubwa zenu, na pande zote mbili zilitoa wachoraji wazuri.

Nami nina langu: kuna kunakili kwa kuuza na kunakili kwa kusoma. Rubens akiwa Madrid 1628 na 1629, mtu mzima mwenye jina kubwa, alikaa akanakili Titian, mchoraji Mwitalia aliyemtangulia. Adamu na Hawa wa Titian na wa Rubens wote wapo Prado, makumbusho ya hukohuko Madrid, hadi leo, na ukiwatazama unaona Rubens kabadilisha mambo, hata kasuku kamwongeza. Degas kamnakili Poussin, wote wachoraji wa Ufaransa. David mwenyewe, alipoupata ule ufadhili wa kwenda Roma mwaka 1774 baada ya kushindwa mara kadhaa, kule alijaza madaftari kwa kunakili sanamu na kuta. Na Louvre ya Paris ilipofunguliwa kuwa makumbusho 1793, wakati ule Wafaransa wanahesabu wiki ya siku 10, siku 5 zilikuwa za wasanii kuja kunakili, umma ukapewa 3.

Fundi, endelea. Ila nakuonya, najua utakapokwama. Siyo kwenye nyuso.

fundi_mabango #8

Shikamoo mwalimu. Utabiri wako umenitia baridi.

Wiki ya pili. Picha hizo hapo chini. Naomba msicheke.

mla_embe #9

Mkuu mimi nimecheka lakini kwa upendo. Socrates wako anagombea udiwani.

Paka_wa_Oysterbay #10

😂😂 "Kura yako kwa maendeleo"

Ila swali la kweli: huyu mzee ana miaka mingapi? Mbona kifua cha baunsa?

fundi_mabango #11

Sabini hivi. Ni uongo wa makusudi. Wakati ule kule Ufaransa picha za historia ndizo zilizowekwa daraja la juu kuliko zote, zilizidi sura za watu na maua na matunda mezani, na shujaa wake alitakiwa awe na mwili wa sanamu za Wagiriki. Sura kaacha ya Socrates yuleyule, pua bapa na ndevu, mwili kampa mwingine. Na Plato ndiyo kituko: siku ile alikuwa kijana wa chini ya miaka 30, na katika maandishi yake mwenyewe inasemwa hakuwepo, alikuwa mgonjwa. David kamweka, tena kizee. Wapo wanaosoma kwamba yote yaliyo nyuma ya mgongo wake ndiyo kumbukumbu yake, mzee amekaa anakumbuka. Mimi nilipojua hilo nikampenda zaidi yule mzee mwenye mgongo kuliko Socrates.

Turudi kwenye aibu yangu. Kosa nimelijua. Nilifanya kama bango: nachora mstari wa nje, najaza ndani, natia kivuli kidogo pembeni, nakwenda mwingine. Kila mtu katoka peke yake. Ukiwatazama ni kama stika zimebandikwa.

mwl_Bahari #12

Marahaba. Sasa sikiliza. Piga picha kazi yako kwa simu, ondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Fanya hivyohivyo kwa ya David. Ziweke pamoja, finya macho.

fundi_mabango #13

Mwalimu. Nimekaa chini.

Ya David ikiondolewa rangi haivunjiki. Socrates anabaki anawaka katikati, wengine wanazama kwa zamu. Yangu ikiondolewa rangi inakuwa uji. Nyekundu ya yule kijana niliyoiona kali kuliko vyote, kumbe kwa toni, yaani kwa mwanga na giza lake, ni nzito tu, karibu sawa na ukuta wa nyuma yake, kwa hiyo kwenye yangu kijana kapotea, kabaki mkono na kikombe.

mwl_Bahari #14

Kwangua. Kama bado mbichi kwangua kwa kisu, futa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Anza na amba mbichi peke yake, iliyozimuliwa, utandaze turubai zima kuua weupe. Kisha mchore wote kwa kahawia hiyo na nyeupe, kama picha ya zamani ya sefia. Usiguse rangi nyingine mpaka picha isimame bila rangi. Amba inakauka upesi kuliko nyingi, ina manganizi ndani, ndiyo maana inafaa kuwa ya chini.

Na kanuni moja usiivunje: chini mafuta machache, juu mafuta mengi. Tabaka la chini likiwa na mafuta mengi kuliko la juu, la juu litakauka kwanza, la chini likiendelea kutembea litalipasua.

Paka_wa_Oysterbay #15

Mwalimu samahani, hapo nimeshtuka. Mimi ni wa Tingatinga, tunapaka rangi ya kopo ya kung'aa kwenye hadibodi na siku hizi nguo. Leo msingi, kesho twiga, keshokutwa imekauka inauzwa. Hii ya fundi inakauka lini?

mwl_Bahari #16

Hiyo yenu ya kopo nayo ni jamaa ya mafuta, ila imepikwa na kutiwa vikausho. Mafuta ya linsidi kwenye tyubu hayakauki kwa maji kutoka kama nguo kambani. Yanavuta hewa, oksijeni, yanagandamana yenyewe. Siku kadhaa ukipaka nyembamba yenye amba, nyeusi ya pembe inaweza kukulaza zaidi ya wiki. Moyoni inaendelea miezi.

Paka_wa_Oysterbay #17

Kumbe. Na kuhusu kunakili niongeze moja. Mzee Edward Said Tingatinga alianza 1968 na alifariki 1972, miaka minne tu. Waliobaki walijifunza vipi? Kwa kukaa pembeni ya mkubwa na kurudia ndege wake mpaka mkono ukubali. Mimi mwenyewe nimepaka chui wa mtu mwingine miaka miwili kabla sijapata chui wangu. Mungu hakulala, alikuwa ananiangalia nakosea madoa.

Kinjekitile_Jr #18

Tingatinga mnanakiliana mpaka leo na ndiyo tatizo lenu, ila sitaki ugomvi.

Paka_wa_Oysterbay #19

Ugomvi upo na unakuja na faru wangu wa futi nne 😄

mtoto_wa_Temeke_NY #20

Wadau, nipo New York, kazi zangu za usiku. Uzi huu umenifanya niende. Jumamosi jumba linafungwa saa 3 usiku, nikapita kabla ya zamu.

Kwanza ni ndogo kuliko nilivyodhani. Nilitegemea ukuta mzima. Unaweza kusimama ukaiona yote bila kurudi nyuma sana. Pili, ngozi ya rangi ni laini mno, nilitafuta vinundu vya brashi kwenye mwili wa Socrates sikuviona, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Tatu, sahihi zipo mbili! Jina lake lipo kwenye jiwe alilokalia Crito, halafu herufi za mwanzo L.D. kwenye jiwe la Plato upande ule mwingine. Mlinzi akaniona nimeinama akaanza kunisogelea.

Rangi: pembeni kote imetulia, kahawia na majivu, kadiri unavyokwenda katikati inapata nguvu, halafu PAA ile nyekundu. Mkuu fundi, kwenye picha yako ukuta wako ni wa njano. Wa kwake siyo.

fundi_mabango #21

Ndugu wa Temeke asante sana, umenifumbua. Ninayo siri ya aibu. Nilikuwa nachora usiku nikitazama simu, na simu yangu saa 1 usiku inajiwasha ule mwanga wa njano wa kulinda macho. WIKI TATU nimekuwa nachanganya ukuta wa jela ya Athens kwa kufuata mwanga wa kulalia. 🤦🏾‍♂️

mla_embe #22

Hapa ndipo nimezimia.

fundi_mabango #23

Cheka tu, na mke wangu kacheka.

Sasa hadithi yenyewe ya uzi inaanzia hapa. Nimepoteza mwezi mzima kwenye ukuta. Nilipoanza nilijua kazi ni watu, ukuta ni kujaza, utamalizika Jumapili moja. Nikachanganya nyeusi na nyeupe. Ikatoka buluu! Naapa hakuna buluu hata punje kwenye paleti, ila nyeusi ya pembe na nyeupe zikikutana zinapoa, zinakwenda kwenye rangi ya moshi wa jenereta. Nikatia oka kuipasha moto, ikawa kijani cha kamasi. Nikatia amba, ikawa matope. Nikarudisha nyeupe, ikawa chaki.

Nikakata kadi, nikatoboa tundu dogo la ukubwa wa punje ya mtama, nikaiweka juu ya picha iliyochapwa upya (mchana, nuru ya dirisha). Tundu linakuonyesha rangi moja bila jirani zake. Hapo nikaona mambo. Shuka la Socrates ambalo kila mtu atakwambia ni jeupe, kwenye tundu ni majivu, sehemu kubwa. Nyeupe halisi ipo kidogo sana, begani na kwenye mikunjo inayotazama nuru. Ukuta nao haukai mahali: hapa umepoa, pale umepata joto, unateremka taratibu kama jioni inavyoingia, na hakuna mahali unaweza kuweka kidole ukasema hapa ndipo ulipobadilika.

Kwenye bango kijivu ni rangi ya kupaka chini ya herufi. Hapa kijivu ndicho kinachobeba kila kitu. Ule mkono ulioinuliwa hauonekani kwa sababu ya mkono, unaonekana kwa sababu ya ukuta ulio nyuma yake. Nilipousogeza ukuta nukta moja kwenye giza, kidole kikasogea mbele chenyewe, sijakigusa.

mwl_Bahari #24

Nilikwambia siyo kwenye nyuso.

Hicho kijivu chako kuwa kijani kilikuwa pia karibu na nyekundu ya yule kijana? Jaribu kuifunika nyekundu kwa karatasi uone.

fundi_mabango #25

Nimefunika. Kijani kimepungua nusu! Uchawi gani huu?

mwl_Bahari #26

Jicho. Kijivu kikikaa jirani na nyekundu jicho linakisukuma kwenda kijani. Kuna mkemia, Chevreul, alikuwa msimamizi wa idara ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Wateja walilalamika nyeusi fulani haina nguvu, akachunguza akakuta uzi ni mzima, kosa ni rangi ya jirani yake. Akaandika kitabu kizima mwaka 1839. Wachoraji walikuwa wanalijua kwa mkono kabla ya hapo. Kwa hiyo usichanganye kijivu kwenye paleti ukakihukumu hapohapo. Kihukumu kikiwa kimekaa mahali pake.

Kinjekitile_Jr #27

Niseme ukweli, hii sehemu ya kijivu imenishika. Lakini swali langu lipo palepale, fundi. Ukimaliza utakuwa umejua kijivu cha jela ya Athens. Kijivu cha Ngarambe je? Vumbi letu, jua letu la saa 6 linaloangusha kivuli chini ya miguu? Mwanga wa David unatoka pembeni juu, wa chumbani. Utambeba Kinjekitile umwingize chumbani?

fundi_mabango #28

Hilo sina jibu. Ni swali zuri kuliko la kwanza.

Paka_wa_Oysterbay #29

Jua la saa 6 sisi tuliliacha kabisa, hatupaki kivuli. Ni jibu mojawapo.

binti_Pangani #30

Wakubwa shikamooni. Naomba kuuliza vanishi. Baba yangu mkubwa anasema zamani walikuwa wanachimba sandarusi, inauzwa kwa Wazungu kutengeneza vanishi ya michoro. Ni kweli au ni zile hadithi zake?

mwl_Bahari #31

Ni kweli mwanangu, mpe shikamoo yake. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, na ile iliyokuwa na bei ni iliyozikwa ardhini muda mrefu mpaka miti yenyewe imetoweka, ikichimbuliwa ina ngozi ya vipele kama ya bata aliyenyonyolewa. Karne ya 19 ilikuwa inapita Unguja kwenda Ulaya na Marekani. Salem, Massachusetts, walikuwa na mahali pa kuisafisha. Vanishi yake ilipakwa magari ya farasi, samani, na wachoraji nao waliitia kwenye mafuta yao.

Na hapa fundi utanisamehe nikicheka: meli hizohizo za Salem zikija kuchukua sandarusi na pembe zilileta nguo nyeupe ya pamba ya kwao. Ndiyo tukaiita marekani. Umechora juu yake. Na nyeusi ya pembe kwenye tyubu yako, jina lilitokana na vipande vya pembe za ndovu vilivyochomwa, siku hizi ni mifupa ya ng'ombe.

Ila sandarusi usiipake. Inakuwa ya kahawia na umri, na kuitoa ni shida, warekebishaji wa michoro wanailalamikia. Fundi asubiri miezi 6 mpaka mwaka, kisha atumie vanishi ya kisasa inayoweza kuvuliwa.

fundi_mabango #32

Mwalimu hiyo ya marekani nimeisoma mara 3.

Mwezi wa nne huu. Taarifa fupi:

Plato amekwisha. Siku 2 tu! Mgongo, shuka, kichwa kilichoinama. Nadhani ni kwa sababu sikumwogopa.

Crito amekwisha, isipokuwa vidole vilivyoshika paja. Vinakandamiza, siyo kugusa. Sijui David kafanyaje nyama ya paja ikaitika.

Nyekundu ya kijana nilikuwa natia kivuli kwa nyeusi, ikafa, ikawa ya damu iliyokauka. Sasa kivuli chake napata kwa amba na punje ya buluu ya Prussia, hiyo buluu ina nguvu kama pilipili kichaa, ukizidisha kidogo umeharibu paleti yote.

Sehemu nyeusi kwenye upinde wa mlango zimezama, zimekuwa za vumbi, hazing'ai kama zilipokuwa mbichi. Nimeharibu?

mwl_Bahari #33

Hujaharibu. Tabaka la chini limenyonya mafuta. Ikikauka, sugua mafuta ya linsidi kidogo sana kwa kitambaa safi, kisha futa yote mpaka uone kama hujapaka kitu. Rangi itarudi na utaweza kuendelea.

mtu_wa_Zimamoto #34

Napita tu, sijui kuchora. Hivyo vitambaa vya linsidi msivikunje mkavitupa kwenye ndoo! Yale mafuta yakivuta hewa yanatoa joto, kitambaa kilichofinyangwa kinajiwasha chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye maji kwenye kopo lenye mfuniko. Nimeona karakana ya seremala imeondoka hivyo.

fundi_mabango #35

Mkuu. Nina ndoo hapa chini ya meza. Nimeinuka sasa hivi.

mla_embe #36

Uzi umeokoa nyumba.

mtoto_wa_Temeke_NY #37

Fundi nimerudi tena Jumamosi. Nimekaa dakika 40 kwa ajili yako nikitazama kidole tu. Ukingo wake unaotazama nuru ni mkali, unaweza kukukata. Upande wa kivuli umelegea kidogo, unakaribia kushikana na ukuta lakini haushikani. Na hakijanyooka kama msumari, kina kona kwenye viungo, ni kidole cha mtu.

Watoto wa shule walipita, mmoja akamuuliza mwalimu wake kama mzee anaomba kwenda chooni.

fundi_mabango #38

Hahaha, hapa kwangu mteja wa bango la mama lishe aliingia, akaiangalia sana, akasema huyo mzee anaita bodaboda.

Kidole nimekikwangua mara 4. Cha kwanza kilikuwa soseji. Cha pili kilikuwa sahihi kwa miraba ila kimekufa. Cha tatu kilipendeza mpaka nilipotazama kwenye kioo nikaona mkono mzima umeinamia nje. Cha nne nilikipenda, nikalala, asubuhi nikakuta alama ya dole gumba la mtoto wangu wa miaka 3 juu yake, na nyingine kwenye mgongo wa Plato. Ya Plato nimeiacha.

Kilichobaki ni kidole, vidole vya Crito, na mke wa Socrates kule ngazini ambaye kwa kipimo changu ni mdogo kuliko ukucha wangu. Ukuta umekwisha. Nitautazama huo ukuta mpaka kesho.

Mwenye siena iliyochomwa Dar anistue, ngozi ya Crito imepoa mno na kadimiamu inaifanya ionekane imeungua jua.

Paka_wa_Oysterbay #39

Nina nusu tyubu, niliachiwa na mzungu mmoja. Njoo Jumamosi. Usije na thina ya kopo tu, hapa tuna watoto.

Kinjekitile_Jr #40

Ukienda piga picha za hizo kuta zake za hadibodi mchana wa saa 6. Nataka kuona kijivu.